Nafuu ya Bei na Uhai wa Mlingoti

Mashua za matanga za kisasa aghalabu huwa na mti mrefu wa kulitanua tanga la mbele upepo uvumapo kutoka nyuma. Usipotumika, mti huo husimamishwa mlingotini: ncha ya juu hushikwa kwa pete, ya chini hukalishwa katika kikombe. Vifaa hivyo ni ghali madukani, na mwenye mashua atafutaye vya bei nafuu hastahili lawama. Kikombe chaweza kuchongwa kwa mbao ngumu. Kamba nayo ni kifungo cha kuaminika, kama wajuavyo manahodha wa majahazi wafungao foromali.

Hatari imo katika metali. Mlingoti wa alumini ukigusana na skrubu za chuma kisichoshika kutu, kisha maji ya chumvi yakaziunganisha, umeme hupita kama katika betri, na alumini ndiyo inayolika. Matundu hupanuka, skrubu hulegea, na mti huweza kumwangukia baharia.

Kwa maoni yangu, tubane matumizi katika chapa, tusibane katika kinga. Kipande cha plastiki chini ya kifaa, na grisi katika hesi za skrubu, ni gharama ndogo. Mlingoti mpya si gharama ndogo.