Mtoto Anaomba Kinga ya Potopoto



Jamaa nyingi za kwetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ziko na watoto ao wajukuu wanaokaa Ubelgiji. Basi siku moja telefone inalia: kijana anaomba asaidiwe feza anunue kinga. Si baiskeli ya kwenda nayo sokoni. Ni kinga ya siklokrosi, mbio za potopoto. Mpya ya kaboni inaweza kuomba euro elfu kadhaa. Mzazi anashika kichwa: huu ni wazimu, ao ni kitu cha maana? Tuzungumze pole pole, juu feza ya jamaa haiokotwi njiani.

Kwanza tujue mchezo wenyewe. Ulianza Ufaransa, mashindano ya kwanza ya inchi ile yalifanyika mwaka 1902. Mashindano ya kwanza ya dunia yalikuwa Paris mwaka 1950, na Jean Robic alishinda. Lakini Wabelgiji ndio walioupenda kupita wote. Erik De Vlaeminck wa kwao alipata ubingwa wa dunia mara 7 kati ya mwaka 1966 na 1973.

Wanakimbia wakati wa baridi, tangu mwezi wa 9 ao wa 10 mpaka mwezi wa 2. Wanazunguka ndani ya majani, muchanga, potopoto na vilima. Wanaume wakubwa wanakimbia karibu saa moja. Vijana wa miaka 17 na 18, dakika 40. Pahali pengine kunawekwa mbao za kimo cha sentimeta 40. Wengi wanashuka, wanabeba kinga, wanaruka, wanapanda tena. Wewe uliyeona wandugu wetu wakisukuma kinga yenye magunia ya makala wakati wa mvua, utaelewa mara moja: kuna njia ambayo kinga haikubebi, wewe ndiye unaisukuma ao kuibeba.

Sasa, namna gani kuchagua?

Jambo la kwanza ni kimo cha mtoto. Sisi tunazoea kununua kiatu kikubwa, tukisema, «Atakomalia mule mule.» Kwa kinga hii, hapana. Mtoto anashuka na kupanda mara nyingi katika mbio moja. Kinga ikimpita kimo, ataanguka, tena ataogopa. Asimame juu yake, miguu yote miwili chini, pabaki nafasi. Afike kwenye freni bila kujinyosha. Kama hawezi, hata wakimpa kwa bei ya bure, aiache.

Jambo la pili ni nafasi ya potopoto. Muangalie kati ya mpira na kadre. Katika mashindano makubwa sheria inasema mpira usipite milimeta 33 kwa upana. Lakini mpira ukishika udongo na majani, unanenepa. Kama nafasi ni ndogo, gurudumu linakwama, na kijana anabaki kubeba kilo za udongo. Kidole kipite kule bila shida.

Jambo la tatu ni freni. Freni za diski ziliruhusiwa katika mbio hizo mwaka 2010, na leo ndizo za kawaida. Zinashika vizuri hata katika maji. Zile za zamani, zinazofinya ukingo wa gurudumu, si mbaya kwa mtoto anayeanza, na bei yake ni ya chini.

Jambo la ine: aseme ukweli anataka kinga ya kazi gani. Kama ni ya kwenda masomo kila siku na kubeba mizigo, kinga nyingi za siklokrosi hazina matundu ya kufungia mahali pa mzigo. Kuna ndugu yake, kinga ya njia za mawe madogo, inaitwa gravel. Hii ni ndefu kidogo, imetulia, na mipira yake ni minene. Kwa mashindano ya watu wakubwa haifai sana, lakini kwa maisha ya kila siku inapita.

Kuhusu bei, neno langu ni hili: anayeanza asinunue mpya. Mbio zikiisha mwezi wa 2, watu wengi wanauzisha kinga zao. Aende na mtu anayejua. Waangalie kama kadre haina ufa, kama shene haijalegea, kama magurudumu yanazunguka bila kelele. Na asimalize feza yote siku hiyo. Mipira, shene na vipande vya freni vinaisha haraka. Mbio moja tu ya muchanga na mvua inaweza kula vile vipande mpaka chuma.

Hapo tunafika kwenye neno lenyewe. Kununua ni siku moja. Kuishi na kinga ni miezi. Mabingwa wako na kinga mbili ao zaidi. Potopoto ikizidi, wanabadilisha katikati ya mbio, na watu wao wanaosha ile chafu mbio mbio. Kijana wenu hana watu hao. Kisha mbio, mikono ikiuma kwa baridi, ni yeye atachukua ndoo ya maji, sabuni na brosi. Asipige maji ya nguvu kwenye katikati ya magurudumu, juu yanafukuza mafuta ya ndani. Akaushe shene, atie mafuta kidogo, na mafuta yasiguse diski hata tone. Akiiacha mpaka kesho, kutu itaanza. Wala asijaze mipira sana. Katika potopoto wengi wanaweka chini ya bar 2, ili ishike udongo.

Kuna pia mambo mawili ya nyumba. Mbio nyingi zinakuwa siku ya Yenga, na za watoto mara nyingi ni asubuhi, saa ya ibada. Muzungumze mbele ya kulipa, si kisha, ili isiwe vita kila juma. La pili: mtoto asidanganywe kwamba chuma cha bei ndicho kinashinda. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya Zolder, Ubelgiji, walikuta motere imefichwa ndani ya kinga. Mwenye kinga alifungiwa miaka 6. Njia ya mkato ilikula miaka ya ujana.

Basi, ndugu mzazi, telefone ikilia, usikatae haraka na usitume haraka. Muulize mtoto: «Kimo chako ni gani? Utaosha wapi? Nani atakupeleka?» Kama anajibu vizuri, hata kuhusu ndoo na brosi, mpe nusu, na nusu aitafute mwenyewe kwa kazi ya mikono yake. Kama anajua tu rangi na jina la kinga, mwambie angoje mwaka mmoja. Potopoto ya Ubelgiji haitaisha.

Mkae na amani, mpaka mwezi unaokuja.