Straika kachomwa sindano, kotisoli yake nani kapima?

Dabi ikibaki siku tano, swali vijiweni ni moja tu: straika atacheza? Goti linamsumbua, lakini habari zikivuja kambini kwamba atachomwa sindano, mashabiki roho zinatulia. Hakuna anayeuliza ni sindano ya nini.

Mara nyingi ni steroidi, jamii ya kotisoni. Inatuliza uvimbe na maumivu haraka, na daktari akiitoa kwa sababu ya kweli ni tiba kama tiba nyingine. Shida iko kwingine. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili homa, jeraha, hata dakika 90 za jua kali. Dawa ya nje ikiingia, ubongo unaona mzigo umejaa, unaacha kuisukuma tezi. Kotisoli inashuka. Ikishuka sana, halafu mchezaji akaumia vibaya au akaugua, presha inaweza kuporomoka, na hapo habari ya pointi tatu imekwisha, kinachopiganiwa ni uhai.

Kujua hilo si kazi kubwa. Anatolewa damu kidogo asubuhi, saa mbili hivi, muda ambao homoni hiyo huwa juu.

Wenzao wa baiskeli wanafanya. Timu zilizojiunga kwa hiari na MPCC, umoja ulioanzishwa 2007, hupimwa kotisoli. Ukikutwa nayo chini unakaa nje siku nane au zaidi, mpaka irudi. Mwaka 2014 Chris Horner, bingwa mtetezi wa Vuelta ya Hispania, aliondolewa na timu yake ya Lampre-Merida mbio zikiwa mlangoni. Alikuwa akitibiwa mkamba kwa kotisoni, na ruhusa alikuwa nayo. Hakuitwa mdanganyifu, alipumzishwa, basi. Uzuri wa kipimo hiki ndio huo.

Kina matundu pia. Mwaka 2015 Lars Boom wa Astana alikutwa na kotisoli ya chini kabla ya Tour de France, na timu ikampanga hivyo hivyo. Sheria ya hiari ndivyo ilivyo.

Soka limesogea kiasi. Tangu Januari 1, 2022, WADA imepiga marufuku sindano zote za dawa hizo wakati wa mashindano, hata ya kwenye goti. Lakini kipimo chao kinasaka dawa, hakiangalii kama tezi imeamka. Sindano ya wiki iliyopita inaweza kuwa halali kabisa, mwenyewe bado hoi.

TFF na Bodi ya Ligi waanze na hili: aliyechomwa apimwe damu kabla ya kurudi uwanjani, majibu yabaki kwa daktari, kocha aambiwe tu anacheza au hachezi. Kumwachia mchezaji aamue ni kumwonea. Mkataba wake unaisha Juni, bonasi ya dabi inasubiriwa nyumbani, na pale benchi kuna mtu anapasha misuli.