Chuo kinakuja Lindi, mtoto atalala wapi?

Elimu haina mwisho. Tunaambiwa hivyo kila siku, na kila mgeni rasmi kwenye mahafali lazima aliseme. Sibishi. Ninachouliza ni kimoja tu: huyo anayeitikia wito akiwa na miaka 28, ana mwenza na ana mtoto wa miaka miwili, akishuka kwenye basi na begi lake, anakwenda kulala wapi?

Nauliza sasa kwa sababu ya Lindi. Kwa miaka mingi sisi watu wa pwani ya Kusini tumezoea kwamba chuo kikuu ni kitu cha kufuata mbali. Mtu wa Kilwa akitaka digrii anasubiri basi pale Nangurukuru, anakwenda Dar, au anaunganisha hadi Dodoma. Akielekea upande wa pili anafika Mtwara, ambako Stella Maris ipo tangu 2009. Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeingia mkoani kujenga kampasi ya Lindi, kupitia ule mradi wa elimu ya juu wa HEET ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021. Hii ni habari njema, na mimi ni wa kwanza kupiga makofi.

Lakini tunamjengea nani? Ukiwasikiliza wanaozungumzia vyuo, utadhani kila mwanafunzi ni kijana wa miaka 20 aliyetoka kidato cha sita jana, hana mume, hana mke, mzigo wake ni godoro na ndoo. Yupo huyo, na ni wengi. Ila chuo kikikufikia karibu na kwako, anajitokeza na mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti aliyekuwa akiahirisha kila mwaka. Muuguzi wa zahanati. Bwana shamba. Na mama aliyezaa akiwa shuleni.

Huyu wa mwisho tusimpite haraka. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kupata mimba. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio la waliojifungua kurudi shuleni. Fanya hesabu mwenyewe: binti aliyerudi Januari 2022 kuanza kidato cha tatu, kama hakukwama, anafika mwisho wa kidato cha sita mwaka 2026. Tulimfungulia mlango wa sekondari. Sasa yuko kwenye mlango wa chuo kikuu, na mtoto wake ameshaanza kuuliza maswali.

Kama unadhani jambo hili ni geni, kumbuka Azimio la Musoma la 1974. Serikali ya Mwalimu iliamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Apite jeshi la kujenga taifa, afanye kazi, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo. Mlimani ikapata wanafunzi watu wazima. Lakini wanawake wakapungua, kwa sababu katika miaka ile ya kazi wengi waliolewa na kuzaa. Haikuchukua miaka mingi, wanawake wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza ili waingie kabla maisha hayajawashika. Ilisaidia, sawa. Ila angalia lilivyotatuliwa: mwanamke aliharakishwa amtangulie mtoto, na chuo kikabaki kilivyo.

Nilipokuwa chuo, darasani kwetu kulikuwa na kaka mmoja tuliyemwita Mzee. Alikuwa mwalimu kazini, ana miaka thelathini na kidogo. Yeye na mkewe walipanga wasome wote wawili. Hosteli haikuruhusu mtoto, wakapanga chumba mtaani kwa kodi ya miezi sita mkononi. Mke akaanza kukaanga vitumbua ili mmoja asome kwanza. Mzee alimaliza, na alimaliza vizuri. Mkewe hadi leo "anajipanga". Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Ni kwamba kila kitu pale kilikuwa na ukubwa wa mtu mmoja.

Hata bumu lina ukubwa wa mtu mmoja. Tangu 2022 pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kuna ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kipengele cha mtoto hakuna.

Najua jibu lililo tayari midomoni: si amwache kwa bibi? Bibi zetu wa Kivinje na Masoko wamelea wajukuu tangu zamani, Mungu awabariki. Lakini bibi naye ana mikorosho yake, ana pweza wa kufuata maji yakitoka, na miguu yake si ile ya zamani. Na umbali ni umbali. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kule Somanga, na watu wakakwama. Mama aliyekuwa Dar huku mtoto yuko Kilwa alibaki na simu tu. Halafu hili la kwa bibi mbona tunamwambia mama peke yake? Baba anayesoma haulizwi kamwe mwanawe yuko na nani.

Kinachoniudhi ni kwamba suluhisho tunalijua. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanza 1975 kwa kuiga Sweden, na kimojawapo kipo hapo hapo Kilwa Masoko, vimeingia kwenye mpango wa Elimu Haikomi unaowarudisha masomoni mabinti waliozaa. Mpango ule ulikubali mapema kwamba mama atakuja na mtoto, kwa hiyo sehemu ya malezi ikawa ndani ya mpango wenyewe. Mama darasani, mtoto jirani anacheza, wakati wa kunyonyesha anafikiwa. Kama chuo cha kufundisha ushonaji na umeme kinaweza, chuo kikuu kinashindwa nini?

Siombi majumba. Naomba vyumba vichache vya familia kwenye hosteli, kituo kimoja cha malezi karibu na madarasa, na ratiba isiyompangia mama kipindi cha saa moja usiku. Bodi ya Mikopo nayo imuulize mwombaji kama ana mtoto, na jibu lihesabiwe kwenye mkopo. Ukuta ukishasimama, kuongeza chumba ni bajeti mpya na vikao vipya. Kuchora kwenye ramani ni kalamu tu.

Wengine wataniambia tutawatia moyo watu wazae kabla ya kusoma. Jamani, hakuna anayezaa kwa sababu kuna kituo cha malezi Lindi. Mtoto ameshazaliwa. Kilichobaki ni kuamua kama mama yake, au baba yake, atasoma.

Wewe mwenzangu unaonaje?