Kikoa cha Hospitali Kimeandikishwa kwa Jina la Nani?

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba homa iliyokuwa ikiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Katika siku kama zile, mkazi wa Maruku au wa kisiwa cha Bumbire wilayani Muleba anayetafuta habari kwa simu hana kipimo kilicho wazi zaidi cha kupambanua tovuti ya kweli na ya ulaghai kuliko anwani yake.

Ofisi za umma zina kinga: kikoa cha go.tz hupewa taasisi za Serikali pekee, na ndicho wanachotumia Mkoa wa Kagera na Halmashauri ya Muleba. Zahanati za binafsi, vituo vya mashirika ya dini na maduka ya dawa hutumia .or.tz, .co.tz au .com, na huko ndiko uzembe hupata pa kujificha.

Jina la kikoa halinunuliwi likawa mali ya milele. Hukodiwa kwa mwaka au miaka. Fundi wa kompyuta huliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, hulipia mwaka wa kwanza, kisha huhamia Mwanza. Mganga mfawidhi hajui hata tarehe ya kulipia tena. Jina la .com likishafutwa na msajili, hubakiwa na siku 30 za kukombolewa, tena kwa ada kubwa zaidi. Baadaye yeyote duniani aweza kulichukua. Wala kosa hili si la wanyonge tu: mkesha wa Krismasi mwaka 1999 watumiaji wa Hotmail walikwama kwa sababu Microsoft ilisahau kulipia passport.com, mpaka mtu baki alipolipa dola 35 kwa kadi yake.

Wengi hudhani hasara ni ukurasa kutoonekana. Hilo ni dogo. Anayelichukua jina aweza kupokea pia barua pepe zote zinazotumwa kwa anwani za zamani: rufaa, majibu ya maabara, pengine kipimo cha VVU cha mama wa Kamachumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa hizo zilindwe, na ni vigumu kuona jinsi usahaulifu utakavyokuwa utetezi.

Mgonjwa naye asihadaiwe na alama ya kufuli. Humaanisha mawasiliano yamefumbwa, si kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Atazame herufi zilizo kabla ya mkwaju wa kwanza: "go" ikiwa katikati na jina likaishia .com, hiyo si ya Serikali.

Kituo nacho kiandikishe jina kwa taasisi yenyewe, maofisa wawili wawe na nywila, na ada iingie kwenye bajeti pamoja na leseni. Barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hicho hicho, maana kikifa, onyo nalo halifiki. Kituo kikibadili jina, la zamani liendelee kulipiwa: limechapwa kwenye kadi za kliniki, na kadi ya mtoto hutunzwa kabatini miaka mitano.