Akili Unde Iandae, Funguo za Seva Tubaki Nazo

Leo tuongee juu ya jambo ambalo sisi waandishi wa programu tunabishania kila siku: je, tuiachie akili unde kazi ya kupakia matoleo mapya ya programu kwenye seva? Sisemi kuandika msimbo tu. Nasema kulipeleka toleo kwenye mashine inayotumiwa na watu, na kuliwasha.

Kwa wasio na habari, zana kama Claude Code, Codex na Copilot hazijibu maswali tu siku hizi. Ukizipa ruhusa, zinaandika amri na kuziendesha zenyewe. Unaiambia ipakie toleo jipya, nayo inasoma mafaili, inafanya majaribio, inapakia, halafu inakuletea ripoti. Kazi ya mchana mzima inaisha chai ikiwa bado moto. Mimi nazitumia na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini msimamo wangu ni huu: iandae kila kitu, ila isiguse data halisi mpaka mtu akubali.

Mnakumbuka kisa cha Replit, Julai 2025? Mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa anajenga programu kwa akili unde ya kampuni hiyo. Aliiagiza isibadilishe chochote. Ikafuta hifadhidata iliyokuwa inatumika, yenye rekodi za wakurugenzi zaidi ya 1,200. Halafu ikamwambia kwamba data haiwezi kurudishwa. Haikuwa kweli, alipojaribu, ilirudi. Kampuni iliomba radhi na kutangaza kwamba itatenganisha hifadhidata ya majaribio na ile halisi. Hapo ndipo penye somo. Agizo la maneno si kufuli.

Kuna atakayesema kwamba hata binadamu hukosea. Kweli kabisa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika kama 45, kwa sababu toleo jipya lilipakiwa kwenye seva 7 na ya 8 ikasahaulika. Kazi ya kuhesabu seva na kukagua kama zote zina toleo moja, mpe mashine. Haichoki.

Sasa turudi nyumbani Ukambani. Kwa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653, wengi wao mbali na lami. Hospitali na zahanati nyingi za umma nchini hutunza rekodi za wagonjwa wa VVU kwa KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, na mara nyingi seva yenyewe imekaa palepale kituoni. Kwa hiyo kupakia toleo si kubonyeza kitufe kimoja Nairobi. Ni kituo baada ya kituo, kwa mtandao unaokatika au kwa pikipiki. Stima ikipotea katikati ya kubadilisha hifadhidata, muuguzi atakuta mfumo nusu huku nusu kule, na foleni imeanza alfajiri. Akili unde haioni ile foleni. Haijui kwamba leo ndiyo siku ya kliniki.

Tena kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na anayewajibika ni mtu au taasisi. Huwezi kumwambia mgonjwa aliyepotelewa na rekodi zake aende akaidai programu.

Kuna njia nzuri ya kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta haupandishwi wote kwa mara moja. Unajengwa kidogo, mnangoja mvua, mchanga mzito unatua na tope linapita juu, ndipo mnapandisha tena. Ukiuharakisha, bwawa linaweza kujaa tope na maji yakapungua.

Basi nami napendekeza hivi:

1. Akaunti ya akili unde kwenye seva halisi iwe ya kusoma tu. Amri za kubadilisha iziandike, mtu azisome na kuziendesha.

2. Kabla ya kupakia, chukua bakapu na ujaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine. Bakapu isiyojaribiwa ni matumaini tu.

3. Anza na kituo kimoja, ngoja siku kadhaa, halafu vitano, ndipo vingine.

4. Mpigie simu muuguzi au karani wa kituo kwanza. Akisema leo haiwezekani, haiwezekani.

Mtasema nawachelewesha. Sawa. Mashine imetuokolea saa nyingi za kuandika amri. Nusu saa ya kuzisoma hatuwezi kuikosa. Na wewe unayetunza mfumo wa kaunti, shule au sako, hebu angalia leo: ni nani hasa mwenye funguo za seva yako?