MJUE MBUNG'O, USIMCHANGANYE NA INZI WENGINE



Mvua zikianza, ng'ombe hawatulii. Hupiga mikia, hutikisa masikio, hupiga miguu chini. Inzi wanawauma. Wafugaji wengi wakiona hivyo husema, "Mbung'o wameingia." Je, ni mbung'o kweli?

Swali hili si dogo. Katika kijiji kimoja nilichotembelea, wafugaji waliacha malisho mazuri ya bondeni kwa kuogopa inzi. Walipeleka ng'ombe mlimani, ambako maji ni ya shida. Maziwa yakapungua. Tulipowakamata inzi wale na kuwatazama, hapakuwa na mbung'o hata mmoja. Walikuwa pange.

Kijiji kingine walisema, "Hawa ni inzi tu." Kumbe walikuwa mbung'o. Ng'ombe wakakonda na kufa kwa nagana.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama na kabla ya kununua dawa, mkamateni inzi mmumtazame.

MBUNG'O

Mbung'o ana rangi ya kahawia au kijivu. Ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Wengine hufikia ukubwa wa nyuki. Mtazame akiwa ametua. Angalia mambo mawili.

Kwanza, mabawa. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine, mgongoni, kama mkasi uliofungwa.

Pili, mdomo. Mdomo wake ni mrefu kama sindano, nao umeelekea mbele ya kichwa.

Ukiona mambo yote mawili kwa inzi mmoja, huyo ni mbung'o. Dume na jike wote hunyonya damu. Huuma mchana.

PANGE

Pange wengi ni wakubwa kuliko mbung'o. Macho yao ni makubwa sana, na mara nyingi yanang'aa kwa rangi ya kijani. Mdomo ni mfupi na umeelekea chini. Pange hachomi kama sindano. Hukata ngozi kama kisu, damu ikatoka, akailamba. Ndiyo maana akiondoka huacha damu inachuruzika. Anayeuma ni jike tu.

Wapo pange wadogo pia, na hao ndio wanaowadanganya watu. Mmoja ana mabawa ya kijivu yenye madoadoa. Akitua huyainamisha kama paa la nyumba. Mwingine ana utepe mweusi katika mabawa, na akitua huyaacha yametengana. Hakuna hata mmoja anayefunga mabawa kama mkasi.

INZI WA ZIZINI

Huyu anafanana sana na inzi wa nyumbani. Mdomo wake umeelekea mbele kama wa mbung'o, basi watu hukosea. Lakini tazama mabawa. Akitua mabawa yake yametengana. Hupenda kuuma miguu ya ng'ombe. Huzaliana katika samadi iliyochanganyika na majani yanayooza.

INZI BAPA

Huyu mwili wake ni bapa na mgumu, hata ukimbana kwa vidole hafi upesi. Hung'ang'ania katika manyoya ya ng'ombe, punda au mbwa, na hutembea upandeupande kama kaa. Akitua naye hulaza mabawa mgongoni. Lakini hana ule mdomo mrefu uliotokeza mbele. Wengine humdhani kupe. Kupe ana miguu minane na hana mabawa. Inzi huyu ana miguu sita na mabawa mawili.

KILA INZI NA DAWA YAKE

Inzi wa zizini: ondoeni samadi zizini mara kwa mara, mkaitandaze shambani ikauke.

Pange: funza wake huishi katika matope kandokando ya maji. Pange hupenda jua kali. Nywesheni ng'ombe asubuhi mapema, na wakati wa jua kali wawekeni kivulini, mbali na mto.

Inzi bapa: ogesheni mifugo kwa dawa. Mbwa msimsahau.

Mbung'o: tegeni mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi. Rangi hizo humvuta. Kwa sababu hiyo, mchungaji asivae nguo za buluu wala nyeusi porini. Ogesheni pia ng'ombe kwa dawa inayoua mbung'o. Akija kunyonya damu, atakufa.

Mbung'o hatagi mayai mengi kama inzi wengine. Huzaa funza mmoja tu, akakaa siku 9 au 10 hivi kabla ya kuzaa mwingine. Basi kila jike mnayemuua ni hasara kubwa kwao. Kisiwani Unguja, mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa. Kisha madume yaliyofanywa tasa yalifugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alionekana huko mwaka 1996.

DALILI ZA UGONJWA

Ng'ombe mwenye nagana hupata homa inayokuja na kuondoka. Hukonda ingawa anakula. Manyoya husimama. Ufizi na ndani ya kope huwa vyeupe. Jike hutupa mimba. Mwiteni bwana mifugo achukue damu ipimwe kwa hadubini. Msichome sindano kwa kubahatisha. Dawa ikiwa pungufu, vijidudu vinavyobaki huizoea. Pange na inzi wa zizini nao wanaweza kuhamisha vijidudu hivyo kwa damu iliyobaki mdomoni, basi msiwadharau.

Mbung'o huwapa watu malale. Mtu aliyeumwa na mbung'o, kisha akapata homa na kuumwa kichwa na viungo, aende zahanati upesi. Aseme wazi kwamba aliumwa na mbung'o. Asingoje mpaka aanze kusinzia. Malale ya Afrika Mashariki huua katika miezi michache asipotibiwa.

KAZI YA MWEZI HUU

Kamateni inzi wanaouma ng'ombe wenu. Msiwaponde. Wawekeni katika kibiriti kitupu chenye pamba kidogo. Andikeni juu yake tarehe na mahali mlipowakamata. Mpelekeeni bwana mifugo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mbung'o akitua huweka mabawa yake namna gani?
2. Inzi gani hulamba damu baada ya kukata ngozi?
3. Kwa nini mchungaji asivae nguo za buluu porini?
4. Katika kijiji chetu, ni inzi gani wanaotusumbua? Tumejuaje?