UBOVU WA GARI HUANZIA MEZANI

Ndugu wanachama, kila ifikapo siku ya ukaguzi wa magari, hapa Kalemela twasikia manung'uniko yale yale. Gari la ofisi limekataliwa. Mkaguzi ni mkali mno. Dereva ni mzembe. Gari ni kuukuu, lifanywe nini? Sisi hatuyakubali maneno hayo. Twasema kwamba gari kuukuu likikataliwa, mara nyingi kosa lake lilikwisha andikwa zamani kwa mkono wa dereva, likasomwa na mmoja wetu, kisha likalazwa katika jalada.

Nchi yetu ya Busega ina njia za namna mbili. Iko barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda Musoma, ambayo mabasi na malori hupita mchana na usiku. Tena ziko njia za udongo mweusi, ambazo wakati wa mvua huwa tope la kunata. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi hutumia magari yavutayo kwa magurudumu manne, na mengi ya hayo yana umri mkubwa. Asubuhi gari hutoka topeni, na adhuhuri lakimbia katika lami. Tope huharibu kimya kimya. Lami ndiyo huudhihirisha uharibifu.

Na tuyataje makosa yenyewe, maana si siri.

Kwanza ni usukani. Mkaguzi huliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akalitikisa. Likicheza juu na chini, beringi au kingi pini zimelika. Likicheza upande kwa upande tu, yaelekea vichwa vya tairodi vimelegea. Mara nyingi mwanzo wa balaa ni oili sili iliyochanika: grisi hutoka, maji na mchanga huingia.

Pili ni breki. Oili ya ekseli ya nyuma ikivuja hulowesha breki. Gurudumu lile halishiki sawasawa, na gari huvutwa upande mmoja. Mipira ya breki hupasuka kwa uzee. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakipata moto mwingi, maji yale hugeuka mvuke, na dereva hukanyaga bure. Breki ya mkono hakuna aijaliye, mpaka siku gari litakapoachwa mlimani.

Tatu ni chesisi na springi. Tope lililoshikamana chini ya gari hutunza maji, na maji hula chuma. Hapo huonekana kutu, jani la springi lililovunjika, na bushi zilizokwisha.

Nne ni tairi. Mengine yana upara. Mengine yana kashata nzuri lakini mpira umezeeka. Umri wa tairi husomeka ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuzisoma hakuhitaji fundi. Karani yeyote aweza.

Hatimaye ziko taa, wipa, honi na mikanda, vitu vidogo ambavyo ni aibu gari kukataliwa kwa ajili yake.

Msomaji atatambua kwamba karibu makosa yote haya huanza madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeikataa sili leo atanunua beringi kesho, na huenda keshokutwa akanunua sanda. Tukumbuke hesabu hii: mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ihitajiwayo na breki kusimamisha gari huzidi mara nne. Breki iliyotosha kwa kilometa 40 kwa saa katika njia ya udongo haitoshi kwa 80 katika lami, mtoto akivuka barabara mbele ya maduka.

Sasa tujiulize wenyewe. Dereva huandika katika daftari la safari kwamba gari lavuta kushoto. Karani hupokea, hutia sahihi, hufunga daftari. Wiki ya pili huandika tena. Wiki ya tatu huacha kuandika, maana ameona haina faida. Akikataa kusafiri, huitwa mkaidi. Akisafiri na kuua mtu, husimama kizimbani peke yake, na sisi tuliosoma maandishi yake twaenda nyumbani kula. Je, hiyo ni haki?

Tena iko desturi mbaya ya kuazima. Siku ya ukaguzi tairi zaazimwa kwa jirani, na kizima moto chatolewa katika gari jingine. Stika hupatikana, na jioni vyote hurudishwa kwa wenyewe. Mkaguzi amedanganywa mara moja, lakini abiria hudanganywa mwaka mzima.

Tutajibiwa kwamba fedha za matengenezo hazitoshi. Twajua, tunaziandika sisi hesabu hizo. Lakini uhaba wa fedha ni sababu ya kusimamisha gari bovu, si sababu ya kulipeleka barabarani.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kila ubovu ulioandikwa na dereva upewe tarehe na jina la aliyeupokea, na jibu lake liandikwe pale pale. Ubovu wa breki, usukani au tairi ulisimamishe gari mpaka litengenezwe, wala dereva aliyekataa kuliendesha asiadhibiwe. Na miezi mitatu kabla ya ukaguzi, ofisi ilikague gari lake yenyewe, ili fundi apate nafasi na mhasibu apate fungu. Mwanachama mwenye gari lake kuukuu alilonunua mnadani, na afanye vivyo hivyo.

Kalamu ni nyepesi kuliko usukani, ndugu zetu, lakini safari ya gari huanza kwa kalamu. Tusitie sahihi safari ambayo sisi wenyewe tusingethubutu kuipanda pamoja na watoto wetu.